Vyote Vilikuwepo: Niliyojifunza Kwenye Mgogoro wa Hataza ya Shaba

Kila mgogoro wa hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, niliousogelea ulianza na sentensi ile ile kutoka upande wa pili: hapa hakuna jipya, vyote vilikuwepo. Na mara nyingi ni kweli. Katika fani yangu, ambayo ni kutoa shaba kwa umeme, ni shida kukipata kitu ambacho hakikuwepo. James Elkington wa Uingereza alipewa hataza ya kusafisha shaba kwa elektrolisisi, yaani kwa kupitisha umeme, mwaka 1865. Chuquicamata, kule Chile, walikuwa wanaitoa shaba kwenye asidi kwa umeme tangu 1915. Katanga nako, kusini mwa Kongo, kiwanda cha Shituru pale Likasi kilianza kazi hiyo 1929. Ukija leo na tangi, bamba, waya na asidi ukasema umevumbua, utaonyeshwa babu wa kila kipande chako.

Kwa hiyo watu hawagombanii vipande. Wanagombania kama mtu wa kawaida wa fani hiyo, asiye mjinga na asiye na kipaji cha ajabu, angevikutanisha vipande hivyo bila kuambiwa. Sheria zetu nazo zinauliza hivyo hivyo, ya Tanzania ya 1987 na ya Kenya ya 2001, na hata ARIPO, shirika la kanda la Afrika la miliki ubunifu kule Harare, wanaopokea maombi kwa niaba ya nchi zetu nyingi kwa Itifaki ya Harare ya 1982. Swali lenyewe ni jepesi kulisoma. Nililielewa vizuri siku nilipoombwa kuandika maelezo ya kiapo.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilisoma kemia Dar es Salaam, nikavuka ziwa kutafuta kazi, nikaipata Katanga kwenye ukumbi wa elektrolisisi. Baadaye niliacha viwanda nikaingia kwenye ushauri, na ndipo mawakili wa Ulaya waliponipata. Mteja wao alikuwa na hataza iliyowekewa pingamizi Munich, kwenye Ofisi ya Hataza ya Ulaya, na walitaka mtu aliyeshika mabamba kwa mikono yake. Majina ya kampuni nayaacha, na uvumbuzi wenyewe nitauelezea kwa juu juu.

Kwa asiyewahi kuingia ukumbi ule: ni jengo refu lenye matangi yaliyopangwa kwa mistari, na ndani ya kila tangi mabamba yamening'inia, anodi (ya upande chanya), kathodi (ya upande hasi), anodi, kathodi, nafasi kati yao sentimita chache tu. Elektroliti, yaani majimaji yanayopitisha umeme, ni ya buluu, ina shaba na asidi ya salfuriki nyingi, na inawekwa kwenye nyuzi 40 hadi 50 hivi. Umeme ukipita, shaba inajenga kwenye kathodi ya chuma cha pua. Upande wa anodi maji yanavunjika, oksijeni inatoka. Vipovu vya oksijeni vikifika juu vinapasuka na kurusha ukungu wa asidi, na huo ukungu ndio utakaoukumbuka ukishaondoka, maana unakereketa koo hata ukiwa umevaa barakoa. Baada ya siku sita au saba kreni inakuja kunyanyua kathodi, shaba inabanduliwa. Hiyo tunaita kuvuna.

Anodi za zamani ni za risasi, siku hizi aloi ya risasi yenye kalisi na bati kidogo. Risasi ikikaa kwenye asidi na umeme inavaa ganda la kahawia la oksidi. Ganda likitulia, mambo ni shwari. Likibanduka, vipande vinaelea hadi kwenye kathodi na shaba yako inaingia madoa ya risasi, mnunuzi anaikataa. Dawa yake ni kobalti kidogo ndani ya elektroliti, inalituliza ganda. Chile wanainunua kobalti hiyo. Sisi Katanga ilikuja yenyewe na mawe, mpaka nyingine tulikuwa tunahangaika kuitoa.

Halafu kuna anodi ya titaniamu iliyopakwa. Chanzo chake ni Henri Beer, ambaye mwaka 1965 aliomba hataza ya kupaka titaniamu kwa oksidi za metali adimu kama rutheniamu. Viwanda vya klorini viliipokea haraka. Kwetu tunakotoa oksijeni, rutheniamu huisha upesi, kwa hiyo hutumika zaidi iridiamu. Faida yake ni umeme. Tangi moja linakula kama volti 2, na anodi hii inaweza kupunguza kama 0.3. Mtu wa nje ataona hizo ni chenji. Lakini tani moja ya shaba inameza kama kilowati-saa 2,000, na Katanga umeme hautoshi, ukikatika unawasha jenereta za dizeli. Volti 0.3 pale zina heshima yake.

Tatizo la anodi hii ni shoti. Shaba haikui sawasawa kila mahali. Mahali fulani inatoa kinundu, kinundu kinatoa mwiba, mwiba unanyooka mpaka unagusa anodi. Anodi ya risasi ikiguswa inayeyuka kidogo pale, maisha yanaendelea. Ile ya titaniamu ikiguswa, ule mpako wa bei mbaya unaungua, na sehemu hiyo imekufa. Papa mmoja (ndivyo Katanga wanavyomwita mzee), mkuu wa shifti yetu, aliyeanza kazi mimi sijazaliwa, hakupenda kile kifaa cha kupimia shoti tulichopewa. Alitembea juu ya matangi na chupa ya maji, akimwagia kidogo vichwa vya mabamba. Yanapochemka, shoti iko hapo. Anaingiza fimbo, anagonga, anapita. Kwa usiku mmoja alizipata nyingi kuliko sisi wenye kifaa.

Sasa, hataza iliyokuwa inagombaniwa ilikuwa hivi: anodi ya titaniamu iliyopakwa, na mbele yake wavu wa plastiki ngumu, ili mwiba wa shaba ukija ugote kwenye wavu kabla ya kuufikia mpako. Basi. Ukiisoma mara ya kwanza unajiuliza kama watu hawa wana haya.

Mpinzani alileta nyaraka mbili. Ya kwanza ilieleza anodi ya titaniamu iliyopakwa, ya kutolea shaba. Ya pili ilikuwa hataza ya zamani yenye wavu mbele ya anodi ya risasi. Hoja yake iliingia kwenye mistari mitatu: anodi ilikuwepo, wavu ulikuwepo, na tatizo la shoti kila mtu analijua, kwa hiyo kuviunganisha ni jambo la wazi. Mstari wa nne ulikuwa na maneno makali kidogo juu ya watu wanaokusanya vya wenzao.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikubaliana na mpinzani. Wakili wangu, mama mmoja mtulivu sana, hakushangaa. Aliniambia kila mtu hukubaliana na mpinzani siku ya kwanza, kwa sababu anasoma nyaraka akiwa tayari amesoma hataza. Ni kitendawili ulichokwisha kupewa mji: ukiambiwa jibu, hukumbuki tena ulikuwa umekwama wapi. Ndiyo maana pale Munich hawaulizi kama fundi *angeweza* kuunganisha hivyo viwili. Tangu uamuzi wao wa T 2/83 wanauliza kama *angefanya* hivyo, kwa kutegemea kupata faida fulani. Kuweza, fundi anaweza mengi. Anaweza hata kuweka wavu wa chandarua.

Basi nikairudia ile nyaraka ya pili, taratibu. Wavu ule wa zamani uliwekwa kwa kazi gani? Kuzuia maganda ya risasi yasifike kwenye kathodi. Hapo nikakaa sawa kwenye kiti. Titaniamu iliyopakwa haina maganda ya risasi. Mtu aliyenunua anodi ya titaniamu ameachana na tatizo ambalo wavu ule ulitengenezewa. Kwa nini sasa arudi kuuchukua?

Mpinzani alikuwa na jibu, na lilikuwa zuri: fundi si kasuku wa kuona kazi iliyoandikwa peke yake, akiona wavu umekaa katikati ataelewa kwamba unazuia pia miiba. Marekani wangempokea vizuri. Mahakama yao ya Juu, kwenye kesi ya KSR na Teleflex mwaka 2007 iliyohusu pedali ya gari na kihisi cha umeme, ilisema kwamba mtu wa kawaida wa fani ana ubunifu wa kawaida, si mashine, na anaweza kukitumia kitu cha zamani kwa kazi nyingine. Tangu hapo anayekutanisha vitu vya zamani kule ana kibarua kigumu zaidi.

Tulichokuwa tunakihitaji ni sababu ya fundi *kutofanya*. Nami nilikumbuka kitu, lakini sikukumbuka sawasawa, nikampigia simu Papa. Alikuwa amestaafu, yuko Likasi.

"Papa, mnakumbuka tuliwahi kuweka nyavu kwenye matangi?"

"Mutoto yangu, ile tulitosha. Tension ilikuwa inapanda kila saa."

Kwa Kiswahili cha Katanga, kutosha ni kuondoa, na tension ni volti. Zamani zile kiwandani waliweka nyavu za plastiki kwa majaribio kwenye matangi machache, zikaondolewa. Sababu iliandikwa kwenye daftari la shifti: volti imepanda kama robo. Ukifikiria kidogo inaeleweka. Oksijeni inatoka kwenye anodi kwa vipovu vidogo vingi, wavu ukikaa karibu mno vipovu vinanasa nyuma yake, na gesi haipitishi umeme. Njia ya umeme inakuwa nyembamba, volti inapanda. Robo ya volti inakula karibu faida yote uliyoifuata kwenye titaniamu. Kwa fundi yeyote wa wakati ule, kuweka wavu mbele ya anodi ya bei ile kulikuwa ni kununua baiskeli nyepesi na kuifunga jiwe.

Nilidhani tumemaliza kazi. Wakili akanirudisha chini. Daftari la shifti halijachapishwa popote, ni la kiwanda kimoja, na anayelisimulia ni mtu anayelipwa na mwenye hataza. Mpinzani atasema hilo linaonyesha walichoamini watu wa kiwanda kile tu. Lakini, akasema, sasa tunajua cha kutafuta. Kama Papa alilijua jambo hili, basi limeandikwa mahali. Tukaingia kwenye vitabu vya metalujia na mada za mikutano zilizochapishwa kabla ya tarehe ya maombi, na likapatikana, tena kwenye kitabu ambacho mpinzani mwenyewe alikuwa amekitaja kwa jambo jingine: vizuizi karibu na anodi inayotoa gesi huongeza ukinzani, viepukwe. Maneno makavu, ya mstari mmoja. Mstari ule ulibeba uzito kuliko kurasa zangu zote za kiapo.

Hilo ndilo ninalowaambia vijana wanaonijia na vitu vyao. Wengi hufungua kwa kunieleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi, nami nawauliza watu wa fani walikuwa wanakiogopea nini kabla yao. Waniletee majaribio yaliyokwama, barua ya mtaalamu aliyesema haitawezekana, ukurasa wa kitabu unaokataza. Kifaa kinachofanya kazi kinaonyesha tu kwamba kinafanya kazi.

Kuna kesi ya Marekani ninayoipenda kwa sababu hii, ya Adams, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1966. Adams alitengeneza betri ya magnesiamu na kloridi ya shaba inayoamka kwa kumwagiwa maji ya kawaida. Vipande vyote vilijulikana. Wataalamu wa jeshi walipoonyeshwa hawakuamini kama ingefanya kazi. Baadaye serikali iliitumia bila kumlipa, na ilipodaiwa ikasema jambo lenyewe lilikuwa la wazi. Mahakama ilimpa Adams haki yake: kasoro zilizojulikana za vitu hivyo zingemfukuza mtu kwenye njia hiyo, zisingemvuta. Nilimpelekea wakili kwa furaha. Akajibu kwa upole kwamba Munich si Washington.

Kesi ya aluminiamu niliisoma usiku, haikuhusiana na kazi yetu moja kwa moja, lakini ni kisa cha watu wa elektrolisisi na mtu wa fani anapaswa kukijua. Charles Hall wa Oberlin, Ohio, tarehe 23 Februari 1886, alipata aluminiamu kwa kuyeyusha alumina, yaani oksidi ya aluminiamu, ndani ya krayolaiti, madini yaliyoyeyushwa, na kupitisha umeme. Mwaka ule ule Paul Héroult, Ufaransa, alifikia jambo lile lile. Wote wawili walizaliwa 1863, wote wakafa 1914. Sijui nifanye nini na habari hiyo, lakini nimeshindwa kuiacha. Hataza ya Hall ilitoka 1889. Kampuni ya Cowles, ambako Hall aliwahi kufanya kazi kwa muda, ilipoanza kutengeneza aluminiamu kwa njia inayofanana, ikashtakiwa. Umeme kwenye chumvi ya aluminiamu iliyoyeyushwa, wanakemia Bunsen na Deville walikwisha kuutumia 1854. Krayolaiti ilijulikana, alumina ilijulikana. Mwaka 1893 Jaji William Howard Taft, yule aliyekuja kuwa rais, aliamua kwamba Hall ni mvumbuzi kweli.

Wengi husimulia mpaka hapo tu. Charles Bradley alikuwa ameomba hataza tangu 1883, akapewa 1892: umeme ule ule unaovunja kemikali ndio utumike kuiweka katika hali ya kuyeyuka, bila moto wa nje. Upande wa Cowles ukaishika hataza hiyo, na mwaka 1903 mahakama ya rufaa ikaona kampuni ya Hall imeivunja. Washindi wa 1893 wakakaa mezani kulipa. Kukutanisha kwako vitu kunaweza kuwa uvumbuzi halali kabisa, na bado kipande kimoja ndani yake kikawa cha mtu mwingine mwenye hataza hai. Nimeona wavumbuzi wetu wakipata cheti na kudhani wamepata ruhusa.

Kikao cha Munich kilikuwa cha wajumbe watatu mezani, wakali kwa adabu. Swali lililonipa taabu lilitoka kwa mjumbe wa katikati: kama wavu unaongeza volti, wa kwenu hauongezi kwa nini? Jibu lilikuwepo kwenye hataza, ila limefichwa chini, kwenye mifano. Wavu wao uliachwa mbali kidogo na anodi, kwa nafasi iliyopimwa. Vipovu vinapata mlango wa kupandia, na vikipanda vinavuta elektroliti pamoja navyo, anodi inajisafisha yenyewe. Ukiusogeza wavu karibu zaidi unarudi kwenye shida ya Papa. Ukiuweka mbali mno unagusa kathodi. Kuna ukanda mwembamba katikati unaofaa, na hakuna nyaraka yoyote kati ya zile mbili iliyoutaja.

"Basi mbona dai lenu la kwanza halitaji nafasi yoyote?" mjumbe akauliza.

Dai, yaani sentensi inayoweka mipaka ya kinachomilikiwa, lilisema tu "wavu mbele ya anodi." Ndani ya maneno hayo umo hata wavu wa Papa, ule uliotupwa. Huwezi kudai hatua ya uvumbuzi, yaani kwamba jambo halikuwa la wazi kwa fundi, kwa sababu ya ukanda unaofaa huku umezungushia uzio mpaka sehemu isiyofaa. Mwandishi wa ombi, ambaye sikuwahi kumwona, alitaka eneo pana, kama wote wanavyotaka. Wakili wetu aliomba mapumziko, tukatoka kwenye korido, mteja akanuna, kisha akakubali. Dai likapunguzwa: wavu, na umbali wake kutoka kwenye anodi, kuanzia milimita kadhaa hadi milimita kadhaa. Mpinzani akapinga hata hilo, akisema kupima umbali ni kazi ya kila siku ya fundi. Hoja hiyo ingemfaa kama fundi angekuwa na sababu ya kuanza na wavu. Ile sentensi kavu ya kitabu ikasomwa kwa sauti kwa mara nyingine.

Hataza ilibaki, kwa sura iliyopunguzwa. Nilimpigia Papa kumweleza. Akauliza kama watamlipa kwa ajili ya daftari. Nikamwambia hapana, akacheka sana, akaniuliza habari za watoto.

Mpinzani hakukata rufaa. Alirudi sokoni na anodi ya titaniamu yenye wavu pia, wavu wenyewe umewekwa nje kidogo ya umbali uliotajwa kwenye dai, na volti zake, kwa taarifa nilizozisikia, ziko juu kidogo. Wateja wengine wanainunua hivyo hivyo, kwa sababu bei yake ni ndogo.